Wimbo wa Kuondoa Malori

Ukitaka kumjua mwanamke huyu, simama asubuhi ng'ambo ya barabara, mbele ya kiwanda cha saruji, mahali ambapo vumbi halitakumaliza, kisha utege sikio. Juu ya kibanda cha mizani imefungwa spika kubwa ya chuma, na ndani yake hutoka sauti ya mwanamke. Haisemi neno lolote. Inaimba "ti-ti-ti-tii" ikipanda, na lori lililosheheni mifuko linanguruma na kuondoka. Inakaa kimya kidogo, inaimba tena, na lori jingine linaondoka. Mpita njia mgeni atacheka. Madereva hawacheki kwa sababu wamezoea, na yeye mwenyewe hacheki kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo. Mtu mzima, mama wa watoto wawili wanaosoma chuo, kaajiriwa kujifanya kompyuta.

Madereva humwita Mama Nenda. Jina hilo hakulichagua, lakini nani aliwahi kuchagua jina la utani?

Mambo hayakuanza hivyo, na inafaa yasimuliwe tangu mwanzo, maana kitanzi hiki alikisokota mwenyewe, tena akifurahi. Alipoajiriwa kuwa karani wa mizani alikuta mezani kompyuta kuukuu, zito, la kijivu, lenye feni iliyokohoa kutwa. Halikuwa na muziki wala redio. Lilikuwa na spika moja ndogo ya ndani, kubwa kidogo kuliko kizibo cha soda, na kazi ya spika hiyo ilikuwa kusema "tii" kompyuta linapowashwa, basi. Kila asubuhi tii, halafu kimya mpaka kesho yake.

Ukaja msimu ambao tanuri la kiwanda lilizimwa kwa matengenezo. Malori hayakuja. Karani alikaa kwenye kibanda akihesabu nzi, akapangusa meza iliyokwisha kupanguswa, akafungua droo zote. Katika droo ya chini alikuta kitabu cha maelekezo ya kompyuta, jalada limetoka, na mle akasoma kwamba spika ile inaweza kuamriwa. Unaandika namba mbili. Ya kwanza inasema sauti iwe nyembamba au nene, ya pili inasema idumu kwa muda gani. Noti moja kwa wakati mmoja, hakuna zaidi. Akaandika namba alizozibuni, akabonyeza, na kompyuta likatoa mlio wa kuku aliyekanyagwa. Alicheka peke yake hadi akashika mbavu.

Tangu hapo alinogewa. Alijaribu nyimbo za shule, akajaribu mlio wa simu za zamani, akajaribu kengele ya mlango wa daktari wa meno, ambao aliuogopa tangu utotoni. Spika ilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua, haikujua kupandisha wala kuteremsha nguvu, lakini ilimtii. Ikisema noti imeisema, haibahatishi. Katika kiwanda kile ambacho hakuna aliyemtii karani, hilo lilimpendeza sana.

Wimbo alioutafuta kwa bidii kuliko zote ulikuwa mfupi. Mumewe alikuwa mchomeleaji wa vyuma humo humo kiwandani, na kila asubuhi, tangu walipokuwa wachumba, alipita chini ya dirisha la kibanda akipiga mluzi wa noti nne zinazopanda, ya mwisho ikivutwa kidogo, kama mtu anayeuliza, "Upo?" Haukuwa wimbo wa mtu yeyote. Ulitungwa na mdomo wake tu. Karani alihangaika na namba siku nzima mpaka noti zote nne zikakaa. Kesho yake aliposikia viatu vya mumewe kokotoni, akamtangulia. Akabonyeza.

Mchomeleaji alisimama, kofia ya kazi mkononi.

"Nani ananiita?"

"Kompyuta."

"Mwambie mimi nina mke."

Siku zile walikula chakula cha mchana pamoja kwenye kile kibanda, sahani mbili juu ya meza moja, na kompyuta likiwaimbia. Mwanamke huyu akikumbuka raha, hukumbuka pale. Mahali penyewe hapakuhama. Bado anakaa hapo hapo, meza ile ile, anakula peke yake.

Sasa ingia vumbi. Kwenye mizani palikuwa na taa mbili za kuwaongoza madereva, nyekundu na kijani, lakini saruji ni saruji. Taa zikifutwa asubuhi, kabla ya saa nne zote mbili zimekuwa na rangi moja, rangi ya ukuta. Dereva mmoja aliondoka kabla uzito haujasomwa, akang'oa kizuizi cha lango na kukiburuta mpaka barabarani bila kujua. Karani akapata wazo. Alichukua kipaza sauti cha matangazo, akakielekeza kwenye ubavu wa kompyuta, palipo na spika ndogo, na wimbo ukasikika uwanja mzima kupitia spika ya nje. Noti nne za kupanda: nenda. Kwa lori lililozidisha mzigo alitunga noti tatu za kushuka, zinazotia simanzi kama mtu aliyekuta mlango umefungwa: rudi ukapunguze. Madereva walishika mara moja. Miguu yao ilishika kabla ya vichwa.

Meneja wa kiwanda alifurahi. Huyu bwana wafanyakazi walimwita Tutaangalia, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila ombi, lakini siku ile alisema "Safi sana!" na watu waliitaja siku hiyo kwa muda mrefu. Akamwita mkaguzi wa usalama. Mkaguzi alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akaidhinisha wimbo uwe ishara rasmi ya mizani.

Mchomeleaji alicheka aliposikia. "Mke wangu, umenigeuza ruhusa ya malori."

Walicheka wote wawili. Miezi michache baadaye mchomeleaji alihamishiwa tawi la bandarini, safari ya siku nzima kwa lori, ambako mitambo ya kupakia ilikuwa ikivunjika kila wiki. Tutaangalia akamwambia karani, kwa upole wa baba mzazi, kwamba naye atamfuata mumewe mambo yakikaa sawa.

Mambo hayakukaa sawa. Yangekaaje, ikiwa karani ndiye aliyeyashikilia, na namba za wimbo alizijua yeye peke yake? Kila alipoomba uhamisho alipewa kitu kingine. Aliomba uhamisho, akapewa feni. Aliomba tena, akapewa kiti kipya chenye magurudumu, ingawa kibanda ni kidogo na kiti hakina pa kwenda. Mara ya tatu alivishwa kilemba cha ukoka mbele ya wafanyakazi wote, akapewa cheti cha mfanyakazi bora chenye fremu, na Tutaangalia akapiga msumari mwenyewe ukutani na kukitundika. Kuacha kazi hakukuwezekana. Kiinua mgongo cha miaka yote kingepotea, na watoto walikuwa chuo. Basi mume akawa mgeni. Alikuja mwisho wa mwezi kwa lifti ya lori la kampuni, akalala, akarekebisha bomba linalovuja, akaondoka. Hata taulo lake lilikuwa linakaa kavu wiki hadi wiki, na mkewe lilimuuma lile taulo kuliko kitanda.

Kisha kompyuta likafa. Liliwashwa asubuhi moja, likasema tii nusu, likanyamaza milele. Karani aliliinamia, na nisikufiche, alifurahi. Alilipigapiga mgongoni kama mtu anayemuaga mzee wake na kusema moyoni, sasa nimekuwa huru. Likaletwa jipya, jembamba, la kisasa, halina spika ya ndani hata ya kukoroma, na programu ya zamani ya wimbo ilikataa kabisa kukaa humo. Fundi aliuandika wimbo upya, akaleta spika za kuchomeka pembeni. Vumbi likazila ndani ya wiki.

Hapo ndipo alipokosea. Siku spika za pembeni zilipokufa, malori yalikwama kwenye mizani, foleni ikafika barabarani, honi zikalia mpaka mtu asisikie mawazo yake. Dereva wa mbele, mzee mmoja aitwaye Breki, alikuwa ameketi ameshika usukani, hatikisiki. Alipungiwa mkono, hakwenda. Alipigiwa kelele, hakwenda. "Sijaimbiwa," alisema. Karani aliona aibu, aliona huruma, na kwa sababu ana roho nyepesi alivuta kipaza sauti akaimba mwenyewe, kwa mdomo wake, ti-ti-ti-tii. Breki akaondoka. Uwanja mzima ukapiga makofi. Angekaa kimya siku ile! Angemeza mate tu, akaacha honi zilie! Lakini aliimba, na Tutaangalia alikuwa amesimama mlangoni akamsikia.

"Kumbe, mama!" alisema. "Kumbe wewe mwenyewe unaweza!"

Tangu hapo yeye ndiye spika ya ndani.

Usidhani hakupambana. Alisema arekodiwe kwenye simu. Mkaguzi akakataa: ishara itolewe papo hapo na mtu anayeuona uzito, si mkanda, maana mkanda hauoni. Akasema basi afundishwe mtu mwingine. Wakaletwa. Mmoja alikuwa na sauti nzuri ya kwaya lakini alitia madoido, na madereva wakabaki wakisikiliza. Mwingine, kijana wa stoo, alikuwa anaanza kupanda halafu anateleza na kushuka, na lori likasikia "rudi," likarudi nyuma na kuvunja taa za lililokuwa nyuma yake. Wa tatu aliona haya. Madereva walizoea mluzi ule wenyewe, na noti ya mwisho ile inayovutwa kama swali, na hakuna aliyeipata.

Nyumbani hakuimba tena. Zamani alikuwa akiosha vyombo kwa wimbo. Sasa aliosha kimya, koo likiwa limechoka kama mkono wa mtwangaji. Na jambo jingine lilitokea bila kusemwa. Mumewe aliacha kupiga mluzi. Akija likizo alipita chini ya dirisha la kibanda kimya, akigonga kioo kwa kidole. Mkewe alijua kwa nini. Angepiga mluzi, malori yangeondoka. Kile kitu kidogo kilichokuwa chao wawili tu kilikuwa sasa mali ya saruji, na walionea haya kukitaja, kama watu waliouza shamba la ukoo.

Mwezi uliopita mume alikuja na uso tofauti. Hakungoja hata kuvua viatu.

"Mama watoto, kaa chini. Karani wa stoo kule kwetu amestaafu. Nimeongea na bosi wa kule, anakutaka wewe. Jina lako liko mezani kwake."

"Usinitanie."

"Nitakutania kwa hili? Kinachobaki ni huyu Tutaangalia wako asaini akuachie. Mwisho Jumatatu. Ikipita, wanampa mtu mwingine, na nafasi nyingine sijui lini."

Jumamosi walivaa vizuri, wakaenda ofisini pamoja kama watu wanaokwenda kuposa. Tutaangalia aliwapokea kwa mikono miwili. Aliwaagizia chai. Alimuuliza mchomeleaji habari za bandarini, akawaulizia watoto kwa majina, hakukosea. Kisha akaisoma karatasi ya uhamisho, akaiweka chini, akakuna kidevu.

"Tutaangalia," alisema.

"Bosi, mwisho Jumatatu," mume alisema.

"Ndugu yangu, mimi sina roho mbaya. Mimi pia nina mke. Lakini mama akiondoka, lango linafungwa. Niambieni nifanye nini." Aliinua kalamu yake ili waione vizuri. "Mama, niletee mtu mmoja tu anayeweza kuuimba wimbo huu kama wewe, madereva wamkubali. Mmoja tu. Nitasaini hapo hapo, nimesimama."

Walitoka. Usiku huo walikula, wakaosha vyombo, mume akalikausha taulo lake na kulitundika mahali pake pa siku zote.

Jumapili kiwanda hufanya kazi kama siku nyingine. Mume alikuwa aondoke na lori la Breki, na kila lori liondokalo lazima lipite mizani. Karani alikuwa kibandani. Aliliona lori likipanda juu ya bamba la chuma, likatikisika, likatulia. Kichwa cha lori husimama usawa wa dirisha lake, karibu kiasi kwamba mkono ukinyooshwa unagusa kioo. Mumewe alikuwa upande wa huku, mfuko wa safari mapajani. Walitazamana.

Namba ikatulia kwenye kompyuta. Uzito ulikuwa sawa kabisa. Akavuta kipaza sauti, akafungua mdomo, na kilichotoka ni noti tatu za kushuka.

Breki aliweka gia ya nyuma bila swali. Alirudisha lori hadi kwenye kivuli cha ghala, na wapakiaji wakafungua turubai wakaanza kuhesabu mifuko upya, wakinung'unika. Mume alishuka akaja kibandani, akaketi pembeni ya meza, mahali pake pa zamani. Walikaa pale wakati malori mengine yakipita, na karani akiyaimbia moja moja. Ilikuwa mara ya kwanza mume kumwona akiifanya kazi hiyo kwa karibu. Alimwona anavyofumba macho kabla ya noti ya mwisho. Akamshika mkono chini ya meza, wakakaa hivyo.

Breki akaja dirishani, jasho likimtiririka.

"Mama Nenda, tumehesabu mara mbili. Mzigo uko sawa. Kilichozidi nini?"

"Amezidi mtu mmoja," karani alisema.

Breki alimtazama, akamtazama mume, akavua kofia. Alikuwa mzee wa kuelewa mambo.

"Basi nimshushe?" aliuliza taratibu.

Mume alisimama. Kesho alfajiri alitakiwa kazini, na wote watatu walijua hilo. "Twende, mzee," alisema, akampapasa mkewe begani, akatoka.

Lori likapanda tena juu ya bamba. Namba ikatulia. Karani akakivuta kipaza sauti, akavuta pumzi, na sauti haikutoka. Akajaribu tena. Machozi yalikuwa yameanza, akawa hauoni hata uzito. Nyuma malori yakaanza kupiga honi, moja, kisha yote. Breki alikaa ameshika usukani, hatikisiki. Hajaimbiwa.

Ndipo mume alipoteremsha kioo, akatoa kichwa nje. Alimtazama mkewe, akanyoosha midomo, akapiga mluzi. Noti nne zikipanda, ya mwisho ikavutwa kidogo. Miaka yote hakuupiga, na ulikuwa haujachuja hata kidogo. Ukaingia dirishani, ukaingia kwenye kipaza sauti kilichokuwa wazi, ukatoka uwanja mzima.

Mguu wa Breki ukaachia breki wenyewe. Lori likanguruma, likashuka kwenye bamba na kupita lango, na mume alikuwa bado ametoa kichwa nje akitazama nyuma mpaka vumbi likamfunika.

Karani alisikia makofi. Mtu mmoja tu ndiye aliyepiga. Tutaangalia alikuwa mlangoni, kandambili miguuni, kaja mbio kwa sababu ya honi. Uso wake uling'aa. Alikuwa amefurahi kwa dhati, na hilo ndilo baya lake. Yule bwana hana hila hata chembe.

"Mama, umesikia? Ule ule! Na dereva ameondoka!" Alikuwa tayari anapapasa mifuko ya shati akitafuta kalamu. "Mtu tuliyemtafuta miaka yote kumbe ni mumeo! Tatizo limekwisha, mama. Mimi nikiahidi natimiza. Nampigia bosi wa bandarini sasa hivi: yeye aje hapa mizani, na wewe uende kule."

Akaipata kalamu. Akaitoa mfukoni karatasi ya uhamisho, iliyokuwa humo tangu jana, akaitandaza juu ya meza, kando ya kipaza sauti, akasaini akiwa amesimama, kama alivyosema. Kisha akasubiri ashukuriwe.

Nje lori lililofuata lilikuwa limekwisha panda kwenye bamba, na dereva wake alikuwa akingoja. Karani alijifuta uso kwa kiganja, akakivuta kipaza sauti karibu, akaimba.